Nani Anakwenda: Mto au Wewe?

Bila shaka umepata kuvuka mto juu ya gogo. Katika njia za Kasongo na Kabambare madaraja ya namna hiyo ni mengi: miti miwili au mitatu imelazwa toka ukingo hata ukingo, pengine imefungwa kwa kamba za porini, pengine haikufungwa kabisa. Mtu akifika hapo huukaza mzigo wake mgongoni, akavua viatu ikiwa anavyo, akaanza kwenda. Hatua za kwanza ni nyepesi. Lakini akifika katikati, akainamisha macho ayatazame maji yapitayo chini ya miguu yake, humtokea jambo la ajabu: maji yasimama, na gogo laanza kwenda! Gogo lenyewe, na yeye juu yake, na mzigo wake, vyote huonekana kuupanda mto kwa kasi ile ile ambayo maji yalikuwa yakishuka. Hapo magoti hulegea. Mwenye bahati huchuchumaa akaushika mti kwa mikono miwili. Asiye na bahati huanguka.

Wazee wetu wanalijua jambo hilo, nao huwaambia watoto: “Usitazame maji, tazama ng’ambo.” Shauri hili tumelipokea tangu utotoni, na wengi wetu tumelitii bila kuuliza sababu yake. Yafaa tuulize leo. Sababu ipo, nayo imetafutwa na wataalamu kwa miaka mingi. Tena katika Maniema ya kusini, penye Lualaba na Luama na vijito visivyo na idadi, haya si maarifa ya kupitishia wakati tu. Masika yakija, mto uliovukwa jana kwa kuloweka magoti waweza kumchukua mtu leo.

Jambo lenyewe ni la kale sana. Mshairi mmoja wa Roma, jina lake Lucretius, aliyeishi katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo, alimtaja farasi aliyesimama katikati ya mto wenye nguvu. Mwenye kumpanda farasi huyo akitazama chini, aona kama kwamba mnyama wake anasukumwa ubavuni kuelekea juu ya mto, ingawa hakuinua hata mguu mmoja. Miaka elfu mbili imepita tangu hapo, na mtu avukaye Luama leo aona yale yale.

Baadaye akaja Ernst Mach, mtaalamu wa fizikia wa nchi ya Austria. (Ni yule ambaye jina lake hutumika hata sasa kupimia mwendo wa ndege zipitazo kasi ya sauti.) Mwaka 1875 alitoa kitabu kizima juu ya namna mwili unavyojua kwamba unakwenda, naye alilichunguza sana jambo la daraja. Mtu akisimama darajani na kuyatazama maji, mwanzoni huona mambo yalivyo: daraja limetulia, maji yanapita. Akizidi kutazama, mara mambo hugeuka: maji hutulia, na daraja pamoja na mtu na vyote vilivyo karibu naye huanza safari ya kwenda upande wa pili. Mach hakuridhika kusema kwamba macho yamechoka. Alitaka kujua ni kiungo gani cha mwili kinachotoa habari za mwendo, na kwa nini kiungo hicho hukubali kudanganywa.

Sisi wenyewe tunayo mifano mingi. Mvuvi wa Kigenya akiufunga mtumbwi wake kwenye mti uliochomekwa katikati ya Lualaba, mgeni aliyeketi ndani yake na kukodolea maji macho ataapa kwamba mtumbwi unakwenda mbio kuelekea Kongolo, bila kasia na bila mpiga kasia. Vipande vya magugu ya maji vikipita karibu, humzidishia udanganyifu. Vile vile aliyepata kungoja safari katika gari la moshi penye kituo kikubwa anajua: treni ya jirani ikianza kuondoka polepole, yeye hudhani ni yake inayoondoka, hata pengine huwapungia mkono jamaa zake waliosimama nje. Kisha huona nguzo ya kituo iko pale pale, naye huurudisha mkono wake mfukoni.

Sikio na kibuyu

Watu wengi hudhani sikio ni la kusikia tu. Lakini ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, katika mfupa mgumu wa kichwa, mna chombo kingine kisichohusika na sauti hata kidogo. Ni mifereji mitatu midogo iliyopinda, kila mmoja umeelekea upande wake, nayo imejaa maji. Mwanzoni mwa mfereji mna vinyweleo vyepesi mno. Karibu na mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vilivyokaa juu ya utando laini, na hivi huonyesha kichwa kimeinama upande gani, au mwili umesukumwa mbele au nyuma.

Ukitaka kufahamu kazi ya mifereji, chukua kibuyu chenye maji na kukizungusha ghafula. Kibuyu huzunguka, bali maji ya ndani hubaki nyuma kidogo. Ndivyo ilivyo sikioni: kichwa kikigeuka, maji ya mfereji hubaki nyuma, vinyweleo hupinda, na ubongo hupata habari kwamba tumeanza kugeuka. Lakini endelea kukizungusha kibuyu kwa mwendo mmoja usiobadilika. Baada ya kitambo maji nayo huufuata mwendo wa kibuyu, na tofauti hukoma. Vivyo hivyo sikio: hutambua mwendo unapoanza, unapozidi, unapopungua na unapokoma. Mwendo ukiwa sawasawa, halina neno la kusema. Mtu aliyesimama tuli na mtu aliyechukuliwa taratibu na mtumbwi penye maji mapana, masikio yao husema jambo moja: kimya.

Hapo ndipo macho hupata nafasi ya kutawala.

Macho na sheria yao

Tangu mtoto anapotambaa, macho hujifunza sheria moja, nayo ni ya kweli karibu siku zote. Kitu kidogo kikisogea katikati ya vitu vilivyotulia, kitu hicho ndicho kinachokwenda: kuku anakatiza uani, mtoto anakimbilia jikoni. Lakini vitu vyote mbele yako vikisogea pamoja, nyumba na migomba na ua na njia, basi si vitu vinavyokwenda, ni wewe. Nani amepata kuona kijiji kizima kikihama kwa mara moja? Kwa hiyo ubongo haukai kufanya baraza juu ya neno hilo. Ukiona picha yote inateleza kwenda kushoto, hukata shauri kwamba mwili unakwenda kulia.

Mto huivunja sheria hii. Mto ni kitu kikubwa kinachokwenda chote pamoja, nacho huyajaza macho ya mtu aliyeinama. Ubongo wauliza: ni dunia yote inayokwenda, au ni mimi? Nao wajibu kama ulivyozoea.

Mambo mawili juu ya sheria hii yanatuhusu sana sisi wenye kuvuka magogo. La kwanza ni pembe za macho. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Ujerumani, Brandt, Dichgans na Koenig, waliwakalisha watu ndani ya kitu kama pipa kubwa lenye mistari myeusi na myeupe, wakalizungusha pipa huku mtu ametulia. Baada ya muda kidogo mtu alijiona yeye ndiye anayezunguka, na pipa limesimama. Wakaziba sehemu ya katikati ya macho yake, udanganyifu ukaendelea. Wakaziba pembeni na kuiacha katikati peke yake. Udanganyifu ukapungua mno. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba katikati nako kwaweza kudanganywa, ikiwa picha imepangwa vizuri, na kwamba ukubwa wa picha wahesabiwa sana. Ndiyo sababu sinema ya kioo kikubwa humfanya mtu ayumbe kitini pake wakati ndege inapoinama, bali picha ile ile katika simu ya mkononi haimtikisi.

La pili ni neno la mbele na nyuma. Vitu vikiwa viwili, kimoja karibu na kimoja mbali, ubongo hukitegemea zaidi kile kilicho mbali. Milima haihami, kilicho karibu ndicho chaweza kuhama. Sasa fikiri juu ya mtu aliye juu ya gogo. Ajua kwamba asitazame maji, kwa hiyo akaza macho kwenye gogo lenyewe, penye vidole vya miguu yake. Adhani amefanya busara. Lakini gogo li karibu, na maji yapo nyuma yake, chini zaidi, yakipita pande zote mbili, nayo hujaza pembe za macho. Kwa hesabu ya ubongo, maji ndiyo nchi, na gogo ndilo chombo kinachopita juu ya nchi. Basi kuikazia macho miguu peke yake hakumsaidii sana, pengine kwamdhuru. Bali akiinua macho hata ng’ambo, nyuma ya maji yote aona ukingo na miti, nayo imesimama. Mara ile ubongo hupata nchi ya kweli. Mara nyingi gogo hutulia papo hapo.

Naona ajabu kidogo kwamba wazee hawakusema “tazama miguu yako”, neno ambalo lingemjia mtu yeyote upesi zaidi.

Tuongeze na neno la muda. Udanganyifu huu hauji mara moja. Kwa kawaida huchukua sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, kwa maana mwanzoni sikio hubisha: “Sikusikia mwanzo wa safari yoyote.” Kisha ubishi hupoa. Hii ndiyo sababu hatua za kwanza ni nyepesi, na kitisho humngojea mtu katikati, mahali palipo pabaya kuliko pote pa kushikwa na kizunguzungu. Mwenye kusimama katikati ili apumzike hujiongezea hatari.

Kwa nini mtu huanguka

Mpaka hapa tumesema habari za kuona tu. Lakini mwili haukai bure ukitazama, huyafuata macho. Huko Edinburgh, katika nchi ya Scotland, David Lee na wenzake walitengeneza chumba ambacho kuta zake na dari viliweza kusogezwa huku sakafu imetulia. Mwaka 1974 Lee na Aronson walieleza walivyowasimamisha humo watoto wadogo walioanza karibuni kutembea. Ukuta uliposogezwa kumwelekea mtoto, yeye aliona kama anaangukia mbele. Mwili wake ukajirekebisha nyuma, naye akaketi chini kwa matako. Ukuta ulipovutwa mbali naye, aliangukia mbele. Hakuna aliyemgusa. Sakafu haikutikisika. Watu wazima nao waliyumba, na zaidi wale waliosimama kwa namna wasiyoizoea, kama kusimama juu ya ubao mwembamba. Na gogo ni nini, kama si ubao mwembamba wa mviringo, tena wenye utelezi?

Sasa tuunganishe. Mtu asimama juu ya gogo, maji yanatoka kushoto kwake yakienda kulia. Ayatazama. Baada ya kitambo ajiona anachukuliwa kushoto, kuelekea juu ya mto. Mwili wake, ambao hautaki kuanguka kushoto, wajisukuma kulia. Lakini hakuna kitu kilichomsukuma kushoto. Kwa hiyo huangukia kulia, upande ule ule maji yaendako. Avukaye kwa miguu, maji yakimfika mapajani, ana hatari kubwa zaidi: huyo hujikinga kwa kuegemea kinyume cha maji, na macho yake humshawishi aache kuegemea. Akiacha, mto humaliza kazi.

Aliyeokolewa husema: “Nilivutwa.” Nami nasema kwamba huyo hasemi uongo. Mwili wake kweli ulihisi nguvu, tena nguvu yenye upande wake, nao ukaipinga. Hatari huanza pale watu wa kijiji wanapouliza: “Ulivutwa na nani?” Ndipo hutajwa mambamuntu akaaye mtoni, na hilo lingekuwa dogo, maana mambamuntu hapigwi wala hafukuzwi nyumbani kwake. Lakini pengine hutajwa bibi mzee wa jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, au mtoto yatima asiye na wa kumsemea. Kwa ajili ya maji yaliyopita chini ya gogo, mtu wa nyama na damu hunyimwa mahali pa kulala. Mtu akizama, jamaa zake na walie. Lakini mwenye kutaka kujua kilichomvuta marehemu, aende penye gogo lile lile saa ya mchana, ashikwe mkono na wenzake wawili, atazame maji ahesabu hata thelathini. Atavutwa naye.

Fimbo, mzigo, na macho yaliyofumbwa

Wengine hudhani dawa ni kufumba macho. Si dawa. Kila mtu aliyesimama na kufumba macho huyumba zaidi kuliko aliyeyafumbua. Jaribu nyumbani kwa kusimama kwa mguu mmoja. Macho yanayodanganywa yahitaji kupewa ukweli wa kutazama. Kuyanyima kila kitu hakusaidii.

Fimbo ni dawa njema, tena kwa sababu ambayo wengi hawaidhanii. Mwaka 1994 wataalamu Jeka na Lackner walionyesha huko Marekani kwamba mtu aliyesimama kwa shida, akigusa kitu kilichotulia kwa ncha ya kidole kimoja tu, huyumba kidogo kuliko asipogusa kitu. Mguso wenyewe ulikuwa hafifu mno, hauwezi kumbeba mtu. Kidole hakikuuchukua uzito wa mwili, kilileta habari. Basi kamba ya mtambaazi iliyofungwa kando ya gogo, hata ikiwa nyembamba kiasi ambacho haiwezi kumzuia mtu aangukaye, yafaa kufungwa. Waalimu wenye wanafunzi wavukao vijito kila asubuhi waweza kuifanya kazi hiyo pamoja na wazazi kwa siku moja.

Na mama mwenye beseni kichwani? Watu humhurumia anapovuka, nami pia. Hata hivyo mzigo wake una neema yake: haumruhusu kuinama. Shingo imenyooka, macho yamekwenda mbele, hata ng’ambo. Kijana aliye nyuma yake na mikono mitupu, anayechungulia samaki, ndiye wa kuhofiwa.

Wajanja wamekwisha fanya biashara kwa udanganyifu huu. Katika maonyesho ya San Francisco mwaka 1894 palikuwa na chumba chenye bembea kubwa, na watu walilipa ili wapandishwe. Bembea ilianza kwenda mbele na nyuma, ikazidi, hata ikapinduka kabisa juu chini. Abiria walishika viti kwa nguvu wasianguke kichwa mbele. Kumbe bembea ilikuwa karibu imetulia. Chumba chenyewe, pamoja na meza na picha zilizopigiliwa misumari, ndicho kilichozungushwa! Mtaalamu Robert Wood alieleza habari hii mwaka 1895, akasema kwamba hata wenye kuijua siri walishikwa na kizunguzungu.

Kuna na udanganyifu wa kinyume, ambapo mtu anakwenda naye adhani ametulia. Abiria wa lori aliyefunikwa turubai, katikati ya magunia, katika njia mbovu ya Kabambare, sikio lake lapiga kelele kwamba tunarushwa, bali macho yaona magunia yametulia. Ugomvi huo ndio humtapisha. Mpe nafasi aitazame njia ya mbali, atapata nafuu.

Lakini mwenye kujua zaidi udanganyifu huo ni mtu wa mtumbwi. Mtumbwi ulioachwa uchukuliwe na Lualaba huenda pamoja na maji. Maji yaliyo kando yake huonekana yamelala kama maji ya bwawa. Mchana si kitu, kwa maana kingo huonekana zikipita. Bali alfajiri ukungu ukishuka, kingo zikapotea, macho hayana nchi yoyote ya kutazama, na sikio, kwa kuwa mwendo ni sawasawa, lanyamaza. Abiria hudhani mtumbwi umesimama, naye huanza kusinzia. Na mto huu si wa kusinziliwa. Reli ya Kindu na Kongolo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu maporomoko yanaikata njia ya vyombo mahali pengi. Hapo mvushaji hashughuliki tena na macho. Huushusha upondo polepole mpaka uguse mchanga wa chini, akaushika kwa vidole kitambo kidogo, asikie jinsi maji yanavyoupiga.